Mali Bila Daftari: Zana za Mawe za Wawindaji na Wavuvi wa Kale



Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja darasani na jiwe mfukoni. Lilikuwa jiwe jeupe la kwatsi, dogo kuliko kiganja, lenye makali upande mmoja kiasi cha kukata karatasi. Alisema amepewa na binamu yake, ambaye alilikuta ardhini alipokuwa akichimba udongo wa matofali katika kilima kimoja nje ya Bujumbura. Tena, mtu fulani alikuwa ameahidi kuwalipa iwapo watampelekea mengine ya namna hiyo. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, niliuze au nilitunze?"

Nikamuuliza, "Mwanangu, limetoka mahali gani hasa?" Hakujua ni kilima kipi, wala lilikuwa kina gani, wala kama lilikuwa pamoja na mifupa, makaa au mawe mengine.

Swali hilo ninalifahamu vyema, maana niliwahi kuulizwa mimi mwenyewe nikakosa jibu. Nilipokuwa nikisomea ualimu nilikuwa na mazoea ya kuokota mawe yenye makali kila nilipotembea vijijini. Niliyaosha, nikayatia katika kopo tupu la maziwa ya unga, yakafika kumi na manne. Siku moja nilimwonyesha mtu aliyesomea akiolojia. Aliyageuza moja baada ya jingine, akatenga matatu, akasema kwamba matatu hayo yamechongwa kwa mkono wa mwanadamu. Nilifurahi mno. Kisha akaniuliza niliyaokota wapi. Niliweza kutaja mikoa miwili mitatu, lakini sikuweza kusema lipi lilitoka wapi. Akayarudisha koponi taratibu, akaniambia, "Basi sasa ni mawe mazuri tu."

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Aghalabu tunaitumia methali hiyo kwa wafanyabiashara. Leo ninakuomba uitumie kwa mali ambayo ni yetu sote: zana za mawe zilizoachwa na wawindaji na wavuvi walioishi katika nchi hizi kabla ya historia kuandikwa.

Jiwe lililochongwa na jiwe lililovunjika

Mchongaji wa kale alishika mawe mawili. La kwanza, gumu na la mviringo, tunaliita jiwe la kugongea. La pili, lile linalogongwa, huitwa jiwe kiini. Pigo likitua karibu na ukingo kwa pembe inayofaa, kipande chembamba chenye makali hubanduka. Kipande hicho ndicho kibanzi, nacho kilitosha kuchuna ngozi ya mnyama au kupasua tumbo la samaki.

Utakitambuaje kibanzi kilichobanduliwa na mtu? Tazama upande wake wa ndani, karibu na mahali pigo lilipotua. Mara nyingi utaona kinundu kidogo kilichovimba. Tazama pia makovu ya vibanzi vilivyotangulia. Jiwe lililoporomoka mlimani huweza kuwa na kovu moja au mawili yasiyo na mpango. Zana huwa na makovu kadhaa yanayofuatana kwa utaratibu, kwa kuwa mchongaji alipopiga pigo moja alikuwa tayari amekwisha kulifikiria linalofuata. Hata hivyo usiwe mwepesi wa kutoa hukumu. Kwatsi, ambayo ni nyingi katika vilima vyetu, huvunjika ovyo na kuwatatiza hata wataalamu.

Kutoka kibanzi hadi chusa

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya kazi hii. Mwaka 2011, huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti waliokuwa wakiongozwa na Sonia Harmand walipata mawe yaliyochongwa yenye umri wa miaka milioni 3.3. Hadi sasa hizo ndizo zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana. Katika eneo hilohilo la Turkana kumepatikana mashoka ya mkononi ya miaka milioni 1.76 hivi. Shoka la mkononi ni jiwe lililochongwa pande zote mbili likawa na umbo la tone la maji. Halikuwa na mpini. Mtumiaji alilishika kwa kiganja.

Je, watu hao wa mwanzo walikula samaki? Huko Koobi Fora, mashariki mwa ziwa hilo, watafiti walichimbua vibanzi vya mawe pamoja na mifupa ya samaki, kasa na mamba. Baadhi ya mifupa ilikuwa na alama za kukatwa kwa mawe. Umri wake ni miaka milioni 1.95 hivi. Hakuna anayedai kwamba walikuwa na nyavu au mitumbwi. Huenda waliwakamata viumbe hao katika maji yaliyokauka nusu. Lakini kisu chao kilikuwa jiwe.

Baadaye sana, katika Zama za Mawe za Kati, jiwe lilifungwa kwenye mti. Hapo mkuki ukapata ncha ngumu, na mwindaji akaweza kumjeruhi mnyama mkubwa bila kumkaribia mno. Katika Afrika ya Kati, ikiwemo Burundi, zana za zama hizo hujulikana kwa ncha ndefu nyembamba mfano wa jani, zilizochongwa pande zote mbili kwa ustadi. Wataalamu huziita zana za Lupemba, kwa jina la mahali katika Kasai, nchini Kongo. Katika Zama za Mawe za Mwisho vipande vilikuwa vidogo zaidi, vingine havizidi ukucha. Vilipachikwa kwenye mshale au kwenye ubao mwembamba, na kimoja kikivunjika kiliweza kubadilishwa bila kutupa chombo chote.

Kwa mvuvi, jiwe lilikuwa na kazi nyingine pia, nayo ni kutengeneza chombo kingine. Kwa kibanzi kikali, mfupa ulikatwa, ukakwanguliwa, ukachongwa miiba ubavuni, ukawa chusa. Neno hili chusa, wingi wake vyusa, litunze katika daftari lako la msamiati. Ni mkuki wa kuvulia wenye miiba inayoelekea nyuma, ili samaki akichomwa asichomoke.

Wavuvi wa Semliki

Vyusa mashuhuri kuliko vyote katika ukanda wetu vilipatikana kwa majirani zetu. Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga mashariki mwa Kongo, kuna mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alichimbua hapo akapata vyusa vya mifupa, zana za kwatsi, mifupa ya samaki na mabaki ya watu. Alipata pia kijiti cha mfupa chenye urefu wa sentimita kumi hivi, kilichopachikwa kipande cha kwatsi nchani na kuchanjwa alama nyingi zilizopangwa kwa mafungu. Ndicho kile ambacho wanahisabati wanakijadili hadi leo, wengine wakikiona kuwa chombo cha kuhesabia.

Ninakuomba, msomaji, utazame jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. De Heinzelin aliandika kila kitu kilitoka katika tabaka gani la ardhi. Kwa sababu hiyo tunajua kwamba vyusa vya matabaka ya chini vilikuwa na miiba pande zote mbili, na vya matabaka ya juu vilikuwa na miiba upande mmoja. Lau vyusa vyote vingetiwa katika gunia moja, badiliko hilo la ufundi lisingejulikana kamwe.

Kuna faida nyingine. De Heinzelin mwenyewe alikosea umri. Alikadiria kuwa wavuvi wale waliishi miaka 8,500 hadi 11,000 hivi iliyopita. Katika miaka ya 1980 watafiti wengine walirudi Ishango, wakapima upya, na sasa inakubalika kuwa umri huo ni wa takriban miaka 20,000 au zaidi. Kosa liliweza kusahihishwa kwa kuwa mahali palijulikana na matabaka yalikuwa yameandikwa. Mawe yangu kumi na manne hayawezi kusahihishwa, kwa maana hayana kosa wala ukweli.

Kilometa chache kutoka Ishango, ukifuata Semliki, kuna Katanda. Mwaka 1995 Alison Brooks, John Yellen na wenzao walitangaza kuwa wamepata huko vyusa vya mfupa vya miaka 90,000 hivi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Kambare hupanda maji ya kina kifupi wakati wa mvua ili kutaga mayai, na hapo huwa rahisi kuchomwa. Inaelekea basi kwamba wavuvi wale waliujua msimu, wakarudi mtoni wakati uleule kila mwaka. Hapa Bujumbura, wavuvi wetu wa ndagala hungoja usiku usio na mbalamwezi ndipo wawashe taa ziwani. Elimu ya kungoja wakati ufaao ni kongwe kuliko vyombo vyote tulivyo navyo.

Hata hivyo hadithi ya Ishango ina upande wa huzuni. Kijiti kile chenye alama kinatunzwa Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia. Mtoto wa Beni au wa Goma anayetaka kukiona kwa macho yake huhitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege. Kwa hiyo tutofautishe hasara mbili. Kitu kinaweza kutengwa na maandishi yake, na kinaweza kutengwa na watu wake. Mfupa wa Ishango umepatwa na hasara ya pili. Mawe ya kopo langu yalipatwa na ya kwanza, na hiyo haina dawa, kwani mfupa uliopelekwa mbali waweza kurudishwa, ilhali jiwe lisilojulikana lilikotoka halina pa kurudishwa.

Mahali ndipo ushahidi ulipo

Labda bado unajiuliza, kwa nini mahali pawe na thamani kuliko jiwe lenyewe? Tusafiri hadi Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi. Mwaka 1942 Mary na Louis Leakey walikuta hapo mashoka ya mkononi kwa mamia, yametapakaa ardhini. Mengi yaliachwa palepale, yakajengewa njia za mbao ili wageni watazame bila kukanyaga. Makumbusho hayo ya wazi yalifunguliwa kwa umma mwaka 1947, na yapo hata leo.

Mwaka 2018 watafiti walieleza habari za vibanzi vya kioo cha volkano, jiwe jeusi linalong'aa, vilivyopatikana katika eneo hilo katika ardhi ya miaka 300,000 hivi. Jiwe hilo halipatikani karibu na hapo. Kwa kupima kemia yake walitambua kuwa lilitoka katika vyanzo mbalimbali, vingine vikiwa umbali wa takriban kilometa 90. Yamkini watu wa makundi mbalimbali walikuwa wakipeana mawe. Sasa fikiri: kibanzi kimoja kingeokotwa na mtalii kikapelekwa dukani, kingebaki kioo cheusi kizuri. Umbali ule wa kilometa 90 ungepotea, na pamoja nao habari za watu waliokuwa wakitembeleana.

Mfano wa pili uko kwenye ziwa letu hili la Tanganyika. Upande wa kusini mashariki, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kuna maporomoko ya Mto Kalambo. Desmond Clark alianza uchunguzi huko mwaka 1953, akapata zana za mawe na hata miti iliyohifadhiwa na ardhi iliyojaa maji. Watafiti waliorudi huko baadaye walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata magogo mawili yaliyochongwa kwa mawe ili yashikamane, ya umri wa miaka 476,000 hivi. Aghalabu mti huoza, kamba huoza, ngozi huoza, likabaki jiwe peke yake. Mahali pasipovurugwa ndipo panapoweza kutuonyesha vile ambavyo jiwe lilifungwa navyo.

Na hapa kwetu?

Somo la historia ya Burundi tulilofundishwa wengi wetu lilianza na wafalme, Ntare Rushatsi na waliomfuata. Kana kwamba kabla yao vilima vilikuwa vitupu! Havikuwa vitupu. Mwaka 1967 Jacques Nenquin alichapisha huko Tervuren, Ubelgiji, kitabu kikubwa kuhusu tamaduni za kabla ya historia za Rwanda na Burundi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Francis Van Noten na wenzake walieleza makazi ya watu wa zana za Lupemba yaliyochimbuliwa Nyarunazi, hapahapa nchini. Kazi hizo ziliandikwa kwa lugha za kigeni, nazo hazipatikani kwa urahisi katika maktaba za shule zetu. Ndiyo maana ninayaandika haya kwa Kiswahili.

Lipo onyo la kiraia ambalo siwezi kuliacha. Huenda mtu akakuambia kuwa zana hizi zathibitisha nani alitangulia kuikalia nchi na nani ni mgeni. Usimkubalie. Jiwe huweza kutuambia mtu alikula nini, alitoka umbali gani, na alikuwa stadi kiasi gani. Halitaji kabila. Watu waliochonga ncha za Lupemba waliishi makumi ya maelfu ya miaka kabla ya majina ambayo kwayo tumegawanyika na kuumizana. Urithi wao hauna upande. Nchi ambayo imewahi kuzika watu kwa sababu ya hoja za asili haina budi kuwa makini na ushahidi wake, isije ikamwachia kila mtu abuni ushahidi wake mwenyewe.

Sheria nayo imesema. Burundi ina sheria ya kulinda urithi wa utamaduni wa taifa tangu mwaka 1983. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Na mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Anayekuahidi fedha kwa gunia la mawe hakuelezi hayo.

Ukiliona jiwe

Ufanye nini basi, mwanafunzi wangu, siku utakapoliona jiwe lenye makali katika shamba, katika mfereji au katika shimo la matofali?

Kwanza, usiliondoe upesi. Lipige picha likiwa palepale, ukiweka kalamu au sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Pili, usichimbe kutafuta mengine, maana jembe hubomoa matabaka kwa dakika moja. Tatu, andika tarehe, jina la kilima na la tarafa, alama iliyo karibu kama mti mkubwa au daraja, kina kutoka juu ya ardhi, na vitu vilivyokuwa jirani. Nne, ikiwa mvua au jembe litalipoteza, lichukue bila kuliosha, ulitie katika mfuko wake peke yake pamoja na karatasi yenye maelezo hayo. Tano, mpe habari mwalimu wako, kiongozi wa kilima na ofisi ya tarafa, ili habari iweze kufika Makumbusho ya Taifa yaliyoko Gitega, ambayo yapo tangu mwaka 1955.

Kijana wangu aliamua kutoliuza. Jumamosi moja alikwenda na binamu yake hadi kwenye shimo la matofali. Ukuta wa shimo ulikuwa bado umesimama upande mmoja, na binamu akaonyesha kwa kidole: pale, chini ya udongo mwekundu, kiasi cha kina cha kiuno. Hawakuchimba. Walipiga picha tatu, wakapima kwa kamba, wakaandika ukurasa mmoja. Maandishi hayo yana makosa mawili ya upatanisho wa ngeli, nami nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini ukurasa huo ni bora kuliko kopo langu zima.

Kopo bado ninalo, lipo juu ya kabati. Nimebandika juu yake karatasi isemayo: "Hayajulikani yalikotoka." Ninalionyesha kila darasa jipya, ili wanafunzi wajue hasara inavyofanana.

Maswali ya kujadili

1. Eleza maana ya maneno haya, kisha tunga sentensi kwa kila moja: kibanzi, jiwe kiini, chusa, tabaka, makumbusho.
2. "Mali bila daftari huisha bila habari." Jadili methali hii kwa kurejelea vyusa vya Ishango.
3. Muulize mzee mmoja wa mtaani kwako jinsi samaki walivyovuliwa alipokuwa mtoto. Andika majina ya vyombo alivyovitaja, jina la mahali na tarehe ya mazungumzo yenu.